Mbwa Chini ya Cherehani

Mfarishi ni tabaka tatu zilizoshonwa pamoja. Juu kuna uso, ambao mara nyingi umeungwa kwa viraka. Katikati kuna ujazo wa pamba, sufu au nyuzi za kiwandani. Chini kuna kitambaa kipana kinachofunika mgongo. Mshono unaozitoboa tabaka zote tatu na kuzishika pamoja ndio unaoufanya mfarishi uwe mfarishi. Nchini Marekani kazi hii imefanywa majumbani kwa zaidi ya miaka 200, kwanza kwa sababu ya baridi, baadaye kwa sababu ya uzuri, na siku hizi kwa yote mawili pamoja na utulivu wa moyo. Mtu akiingia katika chumba cha mshonaji wa leo, kule Ohio au Nebraska au Texas, atakuta cherehani, pasi, na rafu za vitambaa vilivyopangwa kwa rangi. Katika nyumba nyingi atakuta pia, chini ya meza karibu na kanyagio, mbwa amelala.

Mbwa huyo hashiki sindano wala hachagui rangi. Hata hivyo yumo ndani ya kazi kuliko anavyoonekana, na njia nzuri ya kumwelewa ni kuufuata mfarishi tangu kitambaa kinapokatwa hadi ukingo unapochakaa, na kuangalia yuko wapi kila hatua.

Jina la kitu chenyewe linampa haki ya kuwapo. Neno mfarishi limetoka katika Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya kutandika. Jina la Kiingereza la kitu hicho hicho limepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, culcita, yaani godoro au mto wa kukalia. Lugha hizo zisizo na undugu zimehifadhi kumbukumbu moja: hiki ni kitu cha kulaliwa. Katika nusu karne iliyopita mfarishi umepanda ukutani. Mwaka 1971 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilionyesha mifarishi iliyokusanywa na Jonathan Holstein na Gail van der Hoof, ikatundikwa kama michoro ya rangi. Mwaka 2002 mifarishi ya wanawake Weusi wa Gee's Bend, Alabama, ilionyeshwa Houston kisha Whitney, na watu waliozoea kutazama sanaa ya kisasa walisimama mbele yake kwa mshangao. Sasa Lincoln, Nebraska, na Paducah, Kentucky, kuna majumba ya makumbusho ya mifarishi peke yake. Heshima hiyo ilichelewa mno, na wanawake wale waliistahili. Lakini nyumbani mbwa ameendelea kuutambua mfarishi kwa maana yake ya kwanza. Ukitandazwa, yeye hulala juu yake.

Zamani mshonaji hakuhitaji mbwa ili asiwe peke yake. Katika karne ya 19 uso wa viraka uliweza kuungwa na mtu mmoja, jioni kwa jioni, lakini kuzidarizi tabaka tatu kulifanyika juu ya fremu ya mbao iliyokaribia kujaza chumba kizima, na wanawake wa jirani waliitwa wakae pande zake zote. Sindano zilikwenda pamoja na habari za ndoa, uzazi, misiba na mavuno. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua picha hiyo kwa sura nyingine: wanawake wanaosuka ukili barazani, kila mmoja na utepe wake wa miyaa, hadi ukili utoshe kushonwa mkeka. Mikono ina kazi na midomo ina kazi, na jioni hakuna anayeona kwamba siku imepotea.

Cherehani ilianza kuibadilisha hali hiyo. Elias Howe alipata hataza yake mwaka 1846 na Isaac Singer yake mwaka 1851, na ndani ya miongo michache mashine iliingia katika nyumba za kawaida, hata zile za mashambani. Mfarishi uliporudi kupendwa kwa nguvu katika miaka ya 1970, hasa Marekani ilipojiandaa kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wake mwaka 1976, ulirudi katika nyumba za namna nyingine. Fremu kubwa haikuwa tena sebuleni, na majirani hawakuwa tena wa kuitwa kwa sauti uani. Mwaka 1979 kampuni ya Kijapani ya Olfa ilitoa kisu cha gurudumu, ambacho hukata tabaka kadhaa za kitambaa kwa mpito mmoja, na kazi iliyotaka mikono mingi ikawezekana kwa miwili. Vyama vya washonaji vipo hadi leo na hukutana, vingi vyao mara moja kwa mwezi. Siku zinazobaki mshonaji yuko peke yake, pengine katika chumba alichokiacha mtoto aliyekua na kuhama. Mbwa aliingia katika nafasi iliyoachwa na duara lile la wanawake.

Yeye si badala ya jirani. Hawezi kuleta habari ya mtoto aliyezaliwa usiku wala kusema kwamba njano imezidi upande wa kulia. Anachotoa ni kuwapo. Mtu anayekaa saa nne akifanya jambo lile lile kwa vidole huhitaji dalili ndogo kwamba dunia bado inapumua, na mbwa humpa dalili hiyo bila kumkatiza: pumzi ndefu chini ya meza, kucha zikigonga sakafu, kichwa kikihamia kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mwaka 2015 Miho Nagasawa na wenzake nchini Japani walichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa muda mrefu, oksitosini, homoni ile ile inayofanya kazi kati ya mama na mtoto wake mchanga, huongezeka kwa wote wawili. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha jambo hilo. Mshonaji anapoinua macho kutoka kwenye sindano ili ayapumzishe, mara nyingi hukutana na macho mengine yaliyokuwa yakimngoja, na kinachotokea wakati huo kina mizizi mirefu. Mifupa ya mbwa aliyezikwa pamoja na watu ilipatikana Oberkassel, mtaa wa Bonn, Ujerumani, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka kama 14,000.

Kwa Waswahili wengi mbwa wa ndani ya nyumba ni jambo la mbali. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa hukaa uani, hulinda, huwinda, hufuata mifugo. Mipaka hiyo ina maana yake na haihitaji kufutwa ili habari ya mshonaji wa Marekani ieleweke. Mchungaji anayepumzika chini ya mgunga huku mbwa wake amelala hatua mbili kutoka alipo anaelewa kiini cha jambo lenyewe: kuna usuhuba usiotaka maneno, na mtu mwenye kazi ya mikono huupokea vizuri kuliko mtu mwenye kazi ya mdomo.

Kukata kitambaa ni hatua ambayo mbwa ana nafasi ndogo. Mshonaji husimama, kisu cha gurudumu ni kikali, na mnyama hana cha kufanya ila kukaa mbali. Kuhusu rangi, ambazo mshonaji huzipanga na kuzipangua kwa siku kadhaa, macho ya mbwa yana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, wakati ya binadamu yana tatu. Huona samawati na njano. Nyekundu na kijani humjia kama vivuli vya hudhurungi na kijivu. Mifarishi ya nyekundu na kijani juu ya nyeupe, iliyopendwa sana Marekani katikati ya karne ya 19, kwake isingekuwa na ule mvutano uliowafanya watu waitunze kabatini kwa vizazi vitatu.

Kuunga viraka ndiko kunakochukua wiki na miezi. Viraka viwili huwekwa uso kwa uso na kushonwa robo inchi kutoka ukingoni, yaani karibu milimita sita, kisha hufunguliwa, hupigwa pasi, na huungwa na vingine. Kosa la milimita moja likirudiwa mara ishirini huupinda mfarishi mzima, ndiyo maana kufumua ni sehemu ya kazi kama kushona kwenyewe. Mbwa huijua hatua hii kwa sauti. Kanyagio likikanyagwa, cherehani huvuma na yeye hulala. Likiachwa, hufungua jicho moja. Baada ya majuma machache ameshatenganisha ukimya wa kubadilisha bobini, ambao haumhusu, na mlio mdogo wa swichi ya taa ya cherehani ikizimwa. Kwa mlio huo huwa wima kabla kiti hakijasogezwa nyuma.

Hapo ndipo mbwa anapokuwa na faida ambayo hata daktari angeitambua. Ushonaji hauna saa ndani yake. Mlima una kilele na shamba lina machweo, lakini safu ya viraka huishia kwenye safu nyingine, na mtu huweza kukaa hadi shingo ikakakamaa, macho yakakauka na kiuno kikagoma. Mbwa ana kibofu, ana njaa, na ana mazoea makali kuhusu wakati. Saa kumi ikifika huja na kuweka kidevu pajani. Akipuuzwa, huweka mguu wa mbele juu ya goti. Mshonaji huacha sindano ikiwa imezama kitambaani ili mshono usihame, huinuka, hufungua mlango, na kwa robo saa hutembea kwenye hewa ya nje. Akirudi huuona upya uso wa viraka, na mara nyingi kasoro iliyojificha mchana kutwa huwa imejitokeza waziwazi.

Ikishaisha kuungwa, kazi huteremka sakafuni, na hapa mbwa huingia mzima mzima. Mfarishi wa kitanda cha watu wawili ni mpana kuliko meza nyingi. Kwa hiyo fanicha husogezwa, kitambaa cha chini hutandazwa na kubandikwa kwa utepe ili kikaze, ujazo hulazwa juu yake, kisha uso wa viraka, na tabaka zote hupigwa bandi kwa uzi au kushikwa kwa pini za kufunga kila baada ya upana wa kiganja. Mshonaji hufanya hivyo akiwa amepiga magoti. Machoni pa mbwa, mambo yote mema yametokea kwa mpigo: mwenyewe ameshuka hadi kimo chake, na mahali palipokuwa sakafu ngumu pana kitu chororo chenye ukubwa wa chumba. Hunyemelea kutoka ukingoni. Kucha hunasa kidogo katika ujazo na kuuinua kama utando. Huzunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila mzunguko hukunja kitu kilichochukua nusu saa kunyooshwa. Kisha hujitupa katikati kabisa ya nyota kubwa, hushusha pumzi, na kufumba macho. Kumwondoa ni kazi ya kumbembeleza, kwa sababu ameshajifanya mzito.

Mvuto huo si wa ulaini peke yake. Uso ule umeshikwa, umepigwa pasi, umefumuliwa na kushikwa tena kwa miezi. Jasho la viganja, mafuta ya ngozi na pumzi vimeingia katika kila mshono, na pua ya mbwa ina chembe za kunusia mamia ya mamilioni, ilhali ya mtu ina milioni chache tu. Gregory Berns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliwafunza mbwa 12 kulala kimya ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa harufu za watu na za mbwa, wageni na wenyeji. Sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia jambo jema iliamka zaidi kwa harufu ya mtu wanayemjua, hata mtu mwenyewe alipokuwa hayupo. Mfarishi ni harufu hiyo iliyotandazwa mita mbili kwa mbili na nusu. Mbwa anayelala juu yake hajaharibu kazi kwa ukaidi. Amemkuta mwenyewe pale.

Hatua hii ya sakafuni ndiyo pia yenye hatari, na mshonaji anayempenda mbwa wake hana budi kuifahamu vizuri. Pini ikimezwa huweza kutoboa koo au utumbo, lakini uzi hudanganya zaidi kwa sababu unaonekana si kitu. Uzi mrefu ukimezwa, ncha moja huweza kunasa chini ya ulimi au mwishoni mwa tumbo, huku nyingine ikiendelea kuvutwa na mwendo wa utumbo. Basi utumbo hujikunja juu ya uzi huo, vile vile kitambaa kinavyojikunja uzi wa marinda unapovutwa, na uzi uliokaza huukata kutoka ndani. Kila mshonaji anaujua mkunjo ule kwa vidole vyake. Mbwa hutapika, hukataa chakula, hujikunyata tumbo likimuuma, na mara nyingi huokolewa kwa upasuaji tu. Uzi unaoonekana ukining'inia mdomoni au nyuma ya mnyama hauvutwi hata kidogo. Mnyama hupelekwa kwa daktari wa wanyama hima. Kwa hiyo pini huhesabiwa zinapotoka na zinaporudi, sumaku hupitishwa sakafuni jioni, sindano zilizovunjika huwekwa katika kichupa chenye kifuniko, na mabaki ya nyuzi hutiwa katika chombo kisichofunguka kwa pua. Kisu cha gurudumu hufungwa kila kinapowekwa chini, na kamba ya pasi haiachwi ikining'inia mahali mkia unapopita. Mazoea haya huchukua dakika kumi kwa siku.

Baada ya bandi hufuata kudarizi kwenyewe. Wapo wanaokufanya kwa mashine, na wapo wanaokufanya kwa mkono, na kwa habari ya mbwa mkono ndio bora. Mshonaji huketi kitini na fremu ndogo ya duara magotini, subana kidoleni. Mkono mmoja huwa juu, mwingine chini ya mfarishi ukiisubiri ncha ya sindano na kuirudisha. Mkono mzuri hutia mishono minane hadi kumi na miwili katika inchi moja. Sehemu ya mfarishi isiyoshonwa huteremka kutoka magotini hadi sakafuni kama hema, na mbwa huingia ndani ya hema hilo. Jioni ya Januari kule Minnesota, theluji ikiwa imefika dirishani, mtu na mnyama hukaa chini ya kitambaa kimoja ambacho bado hakijakwisha. Joto la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya la binadamu, na vidole vya miguu ya mshonaji hulipokea. Mfarishi umeshaanza kufanya kazi yake kabla ya mshono wa mwisho. Usuhuba wa wawili hawa huonekana wazi zaidi hapa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa kila mmoja anampa mwenzake kitu kile kile, na hakuna anayehesabu.

Manyoya ndiyo gharama ya usuhuba huo. Huingia kati ya tabaka, hunasa kwenye ujazo, hujisuka pamoja na uzi. Katika mashindano ya mifarishi waamuzi hutazama kwa jicho la karibu, na nywele ya mnyama ikionekana husemwa. Mfarishi wa kupewa mtoto mchanga au mtu mwenye pumu hufuliwa na kukaushwa vizuri kabla ya kufungwa zawadi. Mwenye mbwa mweupe hujifunza kuviogopa vitambaa vyeusi, na mwenye mbwa mweusi huogopa vyeupe.

Ajabu ni kwamba katika michoro ya zamani mbwa hakupata nafasi inayolingana na ile aliyoipata chini ya meza. Majina ya viraka vya jadi yamejaa wanyama: kuna nyayo za dubu, bata bukini warukao, paka wa konani. Mbwa ni nadra kumkuta. Katika ile mifarishi ya vipande visivyo na mpangilio iliyovuma miaka ya 1880, ya hariri na mahameli, huonekana hapa na pale akiwa amedariziwa kwa uzi wa rangi kati ya maua na vipepeo. Miaka ya 1930 na 1940 alipata zamu yake kwa sura ya Scottish Terrier, yule mfupi mwenye ndevu, ambaye umbo lake la pembe pembe hukatika kwa urahisi kutoka kitambaa kimoja. Rais Franklin Roosevelt alikuwa na wa aina hiyo aitwaye Fala, aliyempata mwaka 1940 na kwenda naye safari nyingi. Washonaji wa leo wanakwenda mbali zaidi: hutengeneza sura ya mbwa wao kwa vipande vidogo vya vitambaa vilivyobandikwa, kijani kwenye kivuli cha shavu, zambarau kwenye sikio. Anayefanya hivyo huanza na macho. Yakikosewa, hata manyoya yawe sahihi kiasi gani, aliyeko kitambaani ni mbwa wa mtu mwingine.

Na yapo mabaki. Kila mfarishi huacha vipande visivyofaa kuungwa na kanda za ujazo zilizokatwa pembeni. Washonaji wengi huvishindilia katika mifuko mikubwa ya kitambaa imara, baada ya kukagua pini na nyuzi ndefu, na kuipeleka kwenye makazi ya mbwa waliookotwa. Mbwa ambaye hajui nyumba yake ijayo hulala juu ya vipande vya kitanda cha mtu asiyemjua.

Mfarishi uliotunzwa huishi miaka 80, hata 100. Mbwa wengi huishi kati ya 10 na 13. Hesabu hiyo mshonaji huifanya mapema na kuiweka kando. Kwa miaka mingi mpangilio wa maisha yake huwa umejishona wenyewe: mfarishi huu ulidariziwa wakati wa yule mbwa wa kahawia, ule wa samawati ulianzwa akiwa kilebu na kumalizwa alipoanza kuchechemea. Mbwa mzee asiyesikia tena cherehani hulala ubavu wake ukigusa mguu wa meza, mahali mtikisiko unapofika. Baadaye hashuki ngazi. Mshonaji huhamisha mashine ndogo hadi sebuleni, hata kama mwanga wa huko si mzuri, na hufanya kazi inayoweza kufanyika katika mwanga huo.

Missouri Pettway wa Gee's Bend alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alichukua nguo za kazi za marehemu, zilizofifia kwa jua la mashambani na zenye madoa ya udongo, akazikata na kuziunga kuwa mfarishi wa kujifunika. Msiba wa mbwa si msiba wa mume, na hakuna anayepaswa kuviweka kwenye mizani moja. Lakini njia ya mikono ni ile ile, na mshonaji anaijua kwa sababu wengine waliipita mbele yake. Hukusanya vitambaa vya shingoni alivyofungwa mbwa sikukuu hadi sikukuu, pindo la blanketi la garini, taulo la kumkaushia mvua, na kuviunga kuwa mfarishi mdogo usiozidi mita moja. Kazi hiyo huenda polepole kuliko kawaida. Nje ya chumba wapo wasioelewa kwa nini mtu mzima analia kwa ajili ya mnyama, na inafaa waambiwe kwa upole kwamba aliyeondoka alikuwa ndiye shahidi wa siku zote zile ambazo hakuna mtu mwingine aliyeziona.

Unabaki mfarishi wake mwenyewe, ule aliokuwa akiulalia. Wapo wanaoufua mara moja, na wapo wanaouweka kabatini bila kuufua kwa mwaka mzima, na kila mmoja ana haki yake. Siku mbwa mwingine anapoingia nyumbani, hutolewa. Uso wake kwa kawaida bado ni imara. Kilichochakaa ni ukingo, kile kipande chembamba kilichokunjwa kuzunguka pande nne, kwa kuwa ndipo kucha zilipopita na meno ya utoto yalipojaribiwa. Hakuna haja ya kuufumua. Ukanda mpya hukatwa, hukunjwa katikati, hushonwa kwa mashine juu ya ule wa zamani upande wa mbele, kisha hugeuzwa na kufungwa nyuma kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana. Ni kazi ya jioni mbili, mfarishi ukiwa magotini na nusu yake ya chini ikiwa tayari imelaliwa.